Wiki ya 33 na siwezi kuacha kupanga na kusugua nyumba: ni silika, ni homoni au ni woga?

#1 Kijiko cha Mbao
Habari zenu. Nina ujauzito wa wiki 33, wa kwanza. Miezi minne ya mwanzo nilikuwa mtu wa kulala tu. Kitunguu kikigusa mafuta ya moto nakimbilia nje. Sasa mambo yamegeuka. Jana saa tisa usiku nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, vifuniko vyote vya sufuria nimevitoa kabatini, natafutia kila kimoja sufuria yake. Vilivyokosa wenzao nikaviegemeza ukutani, kikubwa mpaka kidogo. Wala sikuwa nimechoka. Nilikuwa nasikia raha ambayo sijui hata niielezeje.

Mume wangu anasema ni homoni, zitapita. Mama mkwe anasema ni kama ndege anayejenga kiota, kila mwanamke hupitia. Rafiki yangu wa karibu anasema naogopa kujifungua na najificha kwenye kazi. Kila mmoja na lake, na kila mmoja ana uhakika.

Tena nimeshanunua ndoo mbili za rangi ya chumba cha mtoto. Nataka kupaka mwenyewe, kwa mkono wangu. Naomba walionitangulia wanieleze: hii ni nini hasa? Na brashi nishike au nisishike?

#2 Mama Watatu
Hongera dada. Mama mkwe wako amesema kweli. Mimi mara zote tatu ilinijia, na mara zote nilijifungua siku mbili baada ya kusugua choo. Ukiona umesugua choo, andaa begi.

#3 Darubini
Kiota kina utafiti wake. Mwaka 2013 Marla Anderson na Mel Rutherford wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha kazi kuhusu hilo. Waliwafuatilia wajawazito na kuwalinganisha na wanawake wasio na mimba. Hamu ya kusafisha, kupanga na kuandaa chumba ilikuwa juu zaidi miezi mitatu ya mwisho. Kuna lingine walilolikuta ambalo watu hulisahau: wajawazito hao walianza pia kuchagua watu wa kukaa nao na kupenda kubaki karibu na nyumbani. Kwa hiyo si usafi peke yake. Kijiko, je, wageni umewachoka?

#4 Kijiko cha Mbao
@Darubini, umenishtua. Juzi dada wa ofisini alitaka kuja kunitembelea nikatafuta sababu. Nampenda kabisa, ila sikutaka mtu sebuleni kwangu.

#5 Nusu Usiku
Mimi niko wiki ya 27 na nina maelezo mepesi kuliko yote hayo: usingizi hakuna! Mtoto anakandamiza kibofu, kiungulia kinapanda ukilala chali, misuli ya miguu inakaza. Saa tisa usiku uko macho, nyumba nzima imelala. Utafanya nini? Utafungua kabati. Angekuwa analala vizuri, vifuniko vingebaki vilivyo.

#6 Fundi Brashi
Nije kwenye swali la brashi, maana ndiyo kazi yangu na nimeona mengi humo.

Jambo la kwanza si rangi mpya. Ni ile ya zamani iliyo chini yake. Nyumba ni ya mwaka gani? Rangi nyingi za zamani ziliwekwa madini ya risasi. Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini kuna nchi zilichelewa sana, na ukuta hauambiwi sheria imebadilika: tabaka liko palepale. Ukiukwangua mkavu kwa msasa, vumbi linapaa, unalivuta, linakaa kwenye mazulia na kwenye vidole. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kama ukuta ni wa zamani, dada usiwemo ndani ya nyumba wakati wa kukwangua. Nasema ndani ya nyumba, si ndani ya chumba. Mkwanguaji aloweshe ukuta kwanza, akwangue ukiwa umelowa, afute kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu usiguse pale.

Jambo la pili: chagua rangi ya maji, achana na rangi ya mafuta. Ya mafuta inachanganywa na thina, na mvuke wake ndio unaopasua kichwa. Dawa za kubandulia rangi ni mbaya zaidi, usikae nazo kabisa. Fungua madirisha yote, na chumba kimalizike mapema. Mimi huwaambia wateja wangu wiki tatu kabla ya mtoto kulala humo. Pua ikiacha kusikia harufu usidhani imekwisha. Toka nje nusu saa, rudi, nusa tena.

Ukishapita hapo, kushika brashi kwa muda mfupi sioni ubaya. Ngazi ndiyo hapana.

#7 Mkunga Mstaafu
Namuunga mkono Fundi kuhusu ngazi. Tumbo limesogeza uzito wa mwili mbele, na viungo vya nyonga vimelegea kwa ajili ya kujifungua. Mguu unaokanyaga leo sio ule uliouzoea. Pia kusimama muda mrefu bila kusogea kunashusha presha, unaona giza ghafla. Paka ukiwa umekaa, nusu ya chini ya ukuta. Juu mwachie mwenye nyonga zilizokaza.

Na wewe @Mama Watatu, mwanangu, choo hakileti uchungu. Wapo niliowapokea waliosugua nyumba nzima wakakaa wiki tatu nyingine, na wapo waliokuja moja kwa moja kutoka kitandani. Huko mwishoni mtoto anaposhuka kwenye nyonga, mapafu yanapata nafasi, mama anavuta pumzi ndefu na kujisikia mwepesi. Nadhani ndio wepesi huo watu wanaouita dalili.

#8 Mama Watatu
Nimekusikia mama. Lakini mara tatu ni mara tatu!

#9 Shemeji wa Pili
Fundi na Mkunga mmesahau kubwa. Mjamzito akinyoosha mikono juu ya kichwa, kitovu kinamzunguka mtoto shingoni. Dada yangu alianika mapazia na mtoto akazaliwa na kitovu shingoni mara mbili. Msimpe brashi kabisa.

#10 Mkunga Mstaafu
Pole kwa hofu mliyoipata, shemeji. Ila mikono ya mama haifiki kwenye kitovu cha mtoto. Kitovu humzunguka mtoto anapojigeuza mwenyewe, na ni jambo la kawaida sana: karibu mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa nacho shingoni, na wengi mno hawapati tatizo lolote. Tunakipitisha juu ya kichwa kwa kidole, kazi inaendelea. Dada yako hakukosea kitu. Mwambie, maana huenda amelibeba hilo moyoni miaka yote.

#11 Shemeji wa Pili
Kwa kweli amelibeba. Mtoto ana miaka saba sasa na bado husema "yale mapazia". Nampigia leo. Ahsante mama.

#12 Baba Pacha
Wanaume nasi tusisahaulike humu. Mke wangu alikuwa amelala fofofo, mimi ndiye niliyefungua na kufunga kabati la nguo mara tatu kwa kuwa mlango mmoja ulikuwa chini kwa unene wa kucha. Sina mimba, sina homoni, lakini nilikuwa natetemeka nikiuona ule mlango. Kwangu mimi ni woga, nasema wazi. Walikuwa wanakuja wawili kwa mpigo na kitu pekee nilichoweza kukinyoosha ni mlango.

#13 Darubini
@Baba Pacha, hapo kwenye "sina homoni" nikusahihishe. Mwaka 2000 Anne Storey na wenzake, Newfoundland, Kanada, walipima damu za wanaume wanaosubiri watoto. Prolaktini yao ilipanda kadiri kujifungua kulivyokaribia, na testosteroni ilishuka baada ya mtoto kuzaliwa. Huenda mlango huo haukunyooshwa na woga peke yake.

#14 Baba Pacha
Prolaktini? Ile ya maziwa?

#15 Darubini
Ndiyo hiyo. Inafanya kazi nyingine pia, usihofu.

#16 Nusu Usiku
Nimecheka mpaka nimemwamsha mtu. Ila Darubini, utafiti wa 2013 uliwauliza wanawake wajieleze wenyewe. Wote wameshasikia habari za kiota tangu zamani. Mtu akishaambiwa kwamba mjamzito hupanga kabati, siku akipanga kabati analihesabu, siku asipopanga halihesabu. Hapo mmepimaje silika?

#17 Darubini
Hoja nzuri, na siwezi kuipangua yote. Ninachoweza kusema ni kwamba sungura na panya hawajasikia habari hizo na wanajenga. Sungura anang'oa manyoya yake mwenyewe kutandikia kiota, na hilo linafuata mabadiliko ya homoni. Kwa binadamu, ushahidi haujafika hapo.

#18 Mpishi wa Zamu
Mnazungumza ukuta tu, na jiko je? Mimi kiota changu kilikuwa friji. Kuanzia wiki ya 34 nilipika chakula cha wiki tatu, nikakigandisha kwenye vibakuli vyenye tarehe. Uzuri wa kugandisha ni kwamba unaua vijidudu vyote, kwa hiyo unakula bila wasiwasi. Nilipojifungua sikugusa mwiko siku kumi na nane.

#19 Mkunga Mstaafu
Wazo zuri, lakini hapo kwenye kuua vijidudu usiwadanganye wenzako. Baridi inavilaza, haiviui. Mbaya wao ni listeria, ambaye anaendelea kuzaliana hata ndani ya friji ya kawaida, taratibu. Mjamzito humpata kwa urahisi kama mara kumi kuliko mtu mwingine, na yeye mwenyewe anaweza kuhisi mafua tu wakati mtoto yuko hatarini. Kwa hiyo chakula kikishaiva kiingie friji ndani ya saa mbili, friji iwe chini ya nyuzi 5, na kiporo kipashwe mpaka katikati kitoke mvuke. Vuguvugu haitoshi. Maziwa mabichi yasiyochemshwa, weka kando.

#20 Paka Mweupe
Mama, ninakubali kuhusu listeria, lakini kuna mmoja ambaye baridi inammaliza: toksoplasma aliye kwenye nyama. Nyama ikigandishwa siku kadhaa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hupungua nguvu sana. Nilisoma sana habari zake kwa sababu kila mtu aliniambia nimfukuze paka wangu.

Sikumfukuza. Mayai ya toksoplasma yakitoka kwenye kinyesi cha paka yanahitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Ukimwaga uchafu kila siku, umeyawahi. Na amwage mtu mwingine. Kama hakuna, vaa glovu na unawe mikono. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa udongo ndizo zinazowaambukiza wengi. Paka anabeba lawama za ubao wa kukatia nyama.

#21 Mkunga Mstaafu
Umenisahihisha vizuri, nimepokea. Bado nyama iive.

#22 Mpishi wa Zamu
Sawa, nami nimejifunza. Vile vibakuli kwa bahati tulivipasha mpaka vikachemka, mume wangu hajui kupasha vinginevyo. Niongeze moja kwa wanaopika na tumbo kubwa: ingizeni kiti jikoni. Nilikuwa nakata kila kitu nimekaa, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mpini wa sufuria geuzeni ndani, maana tumbo linafika jikoni kabla yenu na linaupiga.

#23 Mama Watatu
Hilo la mpini ni kweli tupu. Nilimwaga maji ya moto hivyo hivyo, yakapita sentimita chache na mguu.

#24 Kijiko cha Mbao
Nimerudi. Ahsanteni, nimesoma kila neno mara mbili. @Fundi Brashi, nyumba ni ya zamani kuliko mimi na mume wangu. Tumekubaliana: shemeji yangu atalowesha na kukwangua, mimi nitakwenda kukaa kwa dada yangu siku nne. Imeniuma kidogo, nilitaka kuanza mwenyewe.

Swali jingine. Nimechagua kijani kilichopauka, na ukutani nataka kubandika picha za ndege wadogo kwa ajili ya mtoto. Ndege niwaweke juu kiasi gani ili awaone?

#25 Darubini
Mtoto mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Ndio umbali wa kutoka ziwani mpaka usoni mwa mama. Rangi zilizopauka hawezi kuzitofautisha vizuri miezi ya mwanzo. Anachokipenda ni weusi na weupe uliopishana wazi. Ndege wako watakuwa ukungu kwake kwa muda.

#26 Shemeji wa Pili
Darubini kaka, kuna siku utamwambia mtu jambo la kumfurahisha?

#27 Mama Watatu
Weka ndege, mdogo wangu. Mtoto hatawaona, wewe utawaona. Utakaa ndani ya chumba hicho saa nane usiku, saa kumi, alfajiri, mtoto ziwani, macho yako yako ukutani. Mimi niliachiwa ukuta mtupu wenye ufa, na ufa ule naweza kuuchora mpaka leo: unaanzia kwenye swichi, unapanda, unagawanyika kama tawi. Wapange pale kichwa chako kitakapoegemea ukikaa kwenye kiti. Kaa kwanza, angalia macho yanaangukia wapi, kisha bandika hapo.

#28 Kijiko cha Mbao
Nimekaa, nimeangalia. Ni kulia kwa dirisha, chini kuliko nilivyodhani. Ubarikiwe.

#29 Fundi Brashi
Kitanda mmeshanunua? Nauliza kwa sababu mbili. Mbao za kubandikwa kwa gundi hutoa fomaldihaidi, gesi kali ya kemikali, zikiwa mpya, wakati mwingine kitanda kinanuka kuliko ukuta. Kifungueni sasa hivi, kikae wazi. Na kama ni cha kurithi, msikipake rangi bila kujua ya chini ni ipi. Meno yakiota mtoto anatafuna ukingo wa kitanda kama panya.

#30 Mkunga Mstaafu
Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili kiwiliwili kisipenye na kichwa kikabaki. Godoro gumu, lijae kitanda bila mwanya pembeni. Na hapa nawasihi wapambaji wote: mito, mablanketi mazito, midoli na vitambaa vya kuzungushia fito vitoke. Vinapendeza kwenye picha, lakini vinaziba pumzi. Marekani walipiga marufuku vitambaa hivyo kwa sheria ya mwaka 2022. Mtoto alale chali. Kampeni za kulaza watoto chali zilipoanza miaka ya 1990, Uingereza na Marekani, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa nusu na zaidi. Tuliofanya kazi kabla ya hapo tulifundishwa kuwalaza kifudifudi. Nimewalaza wengi hivyo, na huwa nawafikiria.

#31 Mpishi wa Zamu
Mama, mlifanya mlichofundishwa.

#32 Kimya Kingi
Nimekuwa nasoma tu. Nataka kumjibu Kijiko swali lake la kwanza, maana limeachwa njiani.

Mimi sikupanga chochote. Kabla ya mtoto wangu huyu nilikuwa na mimba nyingine iliyofika miezi mitano. Ile niliiandalia mapema: kofia, soksi, shuka lenye nyota. Haikufika. Kilichofuata ni kukunja vile vitu na kuvitoa nyumbani, na kazi hiyo niliifanya mwenyewe. Kwa mimba ya pili sikufungua kabati hata moja. Watu walinisubiri niingiwe na hamu ya kiota, haikuja. Nilidhani nina kasoro, kwamba mwili wangu haujaamini. Wiki ya 38, siku moja nikamwomba mume wangu anunue soksi. Jozi moja tu. Nikaiweka mfukoni mwa gauni nikatembea nayo.

Kama ni homoni, zangu zilikuwa wapi? Kama ni woga, mimi ndiye niliyekuwa na woga kuliko wote humu na sikugusa kitu. Sina jibu. Mtoto ana miezi kumi na moja, anatambaa, ameivua soksi hiyo mara elfu.

#33 Nusu Usiku
Kimya, nimesoma nikanyamaza. Pole kwa wa kwanza. Hongera kwa huyo mvuaji soksi.

#34 Darubini
Pole sana. Hili linaniambia kwamba huenda woga wa aina mbalimbali hufanya kazi kinyume: mmoja unasukuma mikono, mwingine unaifunga. Sijawahi kuliwaza hivyo.

#35 Mama Watatu
Au pengine soksi moja ilikuwa ndiyo kiota chenyewe. Mimi sikubali kwamba haikuja. Ilikuja kwa kipimo chake.

#36 Kimya Kingi
@Mama Watatu, naondoka na hilo.

#37 Baba Pacha
Tukiwa bado hapa: mke wangu anauliza, yeye alikuwa akitamani kunusa rangi mbichi na sabuni ya kipande, na kutafuna barafu kutwa nzima. Hiyo nayo ni kiota?

#38 Mkunga Mstaafu
Hapana baba. Kutamani barafu, udongo na vitu visivyo chakula mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma. Alipimwa damu?

#39 Baba Pacha
Alipimwa, ilikuwa chini, akapewa vidonge, barafu ikaisha yenyewe. Kumbe ndiyo ilikuwa maana yake. Hatukuunganisha.

#40 Kijiko cha Mbao
Wiki ya 36. Nimewaletea habari. Chumba kimekwisha. Nilipaka nusu ya chini nimekaa kwenye kigoda, dirisha wazi, robo saa kazi na robo saa nje. Mume wangu alipaka juu kwa rola. Pale mikono yetu ilipokutana kuna mstari, unapita ukuta mzima usawa wa kiuno. Kwangu mistari ya brashi inalala, kwake rangi ina vinundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Fundi atauona kutoka mlangoni. Mume wangu alitaka kuufuta kwa mkono wa tatu, nikamkatalia.

Kuhusu swali langu, bado sijui. @Kimya Kingi, nilikaa nawe siku nyingi. Nilimwuliza rafiki yangu kama mimi naogopa, akasema ndiyo, nikamwuliza mume wangu, akasema hapana, nikaenda kupanga droo.

Leo saa kumi usiku niliamka, nikasimama mlangoni kwa chumba. Hakuna kilichobaki cha kufanya. Nikachukua nguo za mtoto nilizofua Jumamosi, nikazifua tena.

#41 Fundi Brashi
Uache mstari. Ila piga picha mchana, nione kama kona zimeshika.

#42 Nusu Usiku
Wiki ya 30 hapa, niko macho pia. Kijiko, sabuni unayofulia ina harufu au haina? Nina rundo la nguo mbele yangu na nataka kuanza.

#43 Kijiko cha Mbao
Haina harufu. Suuza mara mbili. Niko macho, anza.